Forester ya turbo inashtuka nikikanyaga mafuta yote baada ya kubadili faili la ECU (kompyuta ya injini), shida nini?

boksa25:
Habari zenu wakuu. Nina Forester XT ya 2006, EJ255, gia za mkono. Nimekuwa naifanyia vitu kidogo kidogo, nikaanza na daunipaipu (paipu ya ekzosti inayotoka kwenye turbo) isiyo na masega ya kuchuja moshi, nikaja ekzosti ya inchi 3 mpaka nyuma, mwisho nikaweka ule mrija mnene wa kuvuta hewa wenye eaklina la koni, unapiga mluzi mpaka raha. Jamaa yangu akanicheka, akasema hivyo vyote ni mapambo kama ECU haijui kwamba vipo. Nikatafuta waya, nikanunua faili la stage 2 (la gari lililobadilishwa ekzosti) mtandaoni, nikaliingiza mwenyewe kwa laptopu na likakubali bila kelele.

Siku ya kwanza gari ilikuwa moto, nikadhani nimemaliza. Siku ya pili niko gia ya tatu nimekanyaga mpaka chini, ikifika kama 4,000 gari inashtuka kama mtu kagusa breki, inaachia, inashtuka tena. Nikishusha kioo nikipita kando ya ukuta nasikia kitu kama kokoto ndani ya kopo. Cheki injini haijawaka. Mafuta naweka ya 95 na faili limeandikwa la 93, kwa hiyo hapo nina akiba, sio mafuta. Plagi mpya. Mimi nahisi nozeli zimeziba au pampu imechoka. Nishaurini kabla sijaanza kununua vitu.

Gia_ya_Sita:
Mkuu hayo mafaili ya mtandaoni yanaumiza kichwa bure. Rudisha faili la kiwandani, weka busti kontrola (kidhibiti cha presha ya turbo) ya mkono, ile ya kuzungusha, panda mpaka psi 18, maisha yaendelee. Mimi nilifanya hivyo kwenye gari langu la zamani na lilikuwa linaruka.

fundi_kimya:
Boksa, kwanza toa mguu kwenye mafuta. Hiyo sauti ya kokoto ndiyo kugonga kwenyewe, mafuta yanalipuka yenyewe kwenye kona ya silinda kabla moto wa plagi haujafika huko, na kule kushtuka ni ECU imesikia kwa sensa yake ikarudisha taimingi (wakati wa plagi kuwasha) nyuma ghafla ili kuokoa pistoni. Yaani gari linakusaidia wewe unaliona linasumbua. Endesha taratibu, usivuke nusu ya mafuta mpaka tujue.

Cheki injini kutowaka hakumaanishi kitu hapa. Kugonga kwenye hizi gari hakuwashi taa, kunaandikwa kimyakimya ndani.

Sasa fanya logi (sio ile ya kwa mganga). Waya uliotumia kuingiza faili unaweza pia kusoma. Rekodi mizunguko, busti, sensa ya eaflo (inayopima hewa inayoingia) kwa gramu kwa sekunde, marekebisho ya mafuta ya muda mfupi na mrefu, taimingi, ile namba ya kurudisha taimingi kwa ajili ya kugonga, na DAM (namba inayoonyesha ECU inayaamini mafuta kiasi gani, 1 ndiyo kamili). Chukua dakika kumi gari likiunguruma limesimama, kisha dakika kumi za mwendo wa kawaida bila kukimbiza. Kuhusu mafuta yote, ukipata mashine ya dayno (ya kupima nguvu gari likiwa palepale) poa, usipopata fanya mara moja tu gia ya tatu sehemu isiyo na watu na uachie ukiona tu imegonga. Sensa ya kiwandani ya mchanganyiko wa hewa na mafuta usiiamini kwenye busti, kama una waidibendi (kipimo sahihi zaidi cha mchanganyiko huo) ya pembeni itakuwa bora sana.

Gia_ya_Sita, kwa heshima kaka, usimpe huo ushauri. ECU ya Subaru ndiyo inayoongoza solenoidi ya westigeti (mlango wa kupunguza presha ya turbo), ikisikia kugonga inaweza kupunguza na busti. Ukiweka ya kuzungusha kwa mkono umeinyang'anya usukani, itabaki inapiga kelele ndani huku psi 18 zinaingia vilevile.

mama_wa_STI:
Naunga mkono hapo juu na naongeza yangu. Mimi nilisikia hizo kokoto wiki nzima nikajiambia ni kinga ya joto ya ekzosti imelegea, ilikuwa kweli imelegea, hicho ndicho kilichonimaliza. Nikaibana, sauti ikapungua kidogo, nikaendelea kukanyaga. Siku moja nikiwasha asubuhi inatetemeka, kijiti cha oili kimesukumwa juu, moshi wa bluu nyuma. Kupima kompresheni, silinda tatu ziko sawa, namba 4 ni nusu ya wenzake. Tulipofumua injini, pistoni yenyewe ukiiangalia kwa juu nzima kabisa, inang'aa, ila ile kuta nyembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili imekatika kipande cha ukubwa wa ukucha. Pistoni za hizi injini ni za kumimina, hazipendi kugongwa, na huo ukuta ndio unatangulia kuondoka.

Kwa hiyo fundi akikwambia usivuke nusu, usivuke nusu kweli, sio nusu na kidogo.

boksa25:
Mmenitisha kwelikweli, nimeendesha kama nabeba mayai. Logi hii hapa kwa ufupi:

Ikiunguruma imesimama, marekebisho ya mafuta jumla asilimia +3. Mwendo wa kawaida inapanda mpaka +12, +14. Mafuta yote gia ya tatu nilifanya mara moja, busti psi 16.8, waidibendi ya kuazima ikasoma 12.3 (sehemu za hewa kwa moja ya mafuta) wakati faili lenyewe linataka 11.1. Kwenye 4,150 ile namba ya kugonga ikaandika -2.8 halafu -4.2, nikaachia. DAM ilikuwa 1, sasa inasoma 0.75. Pampu sio?

fundi_kimya:
Logi safi. Una makosa mawili yamekalia sehemu moja, ndiyo maana linakuchanganya.

La kwanza, hewa. Angalia marekebisho yako, ikisimama +3 ikitembea +14. Ingekuwa kuna mpasuko wa paipu baada ya sensa unaovuta hewa ya wizi, ingekuwa kinyume, namba kubwa ingekuwa ikisimama maana pale hewa yenyewe ni kidogo na ya wizi inaonekana sana, ukitembea inamezwa. Yako inakua na hewa. Pampu iliyochoka nayo inaweza kufanya hivyo, sikatai, lakini pampu huanza kulalamika kwenye mafuta yote, sio ukiwa unatembea na gari la nyuma yako linakupigia honi. Mimi naushuku mrija wako wa mluzi.

Iko hivi. Sensa ya eaflo haihesabu hewa yote, inaonja ile inayopita mbele ya kijiwaya chake, kisha ECU inazidisha kwa jedwali lililopimwa kwa mrija wa kiwandani. Chukua mfano wa mrija wa milimita 65, ukiweka wa 70 umeongeza milimita 5 tu kwa macho, ila uwazi umeongezeka karibu asilimia 16. Hewa ileile sasa inapita taratibu zaidi mbele ya sensa, ECU inadhani imeingia kidogo, inatia mafuta kidogo. Ukitembea taratibu sensa ya oksijeni inagundua na kuongeza, ndiyo hiyo +14 yako. Ukikanyaga yote ECU haisubiri tena kusahihishwa, inabeba tu lile fundisho la mwisho la mwendo wa kawaida na kubahatisha, ndiyo umepata 12.3 badala ya 11.1. Faili la stage 2 ulilonunua karibu hakika limeandikwa kwa boksi la eaklina la kiwandani, soma maelezo yake tena.

La pili ni oktani (uwezo wa mafuta kuhimili kugonga), na hapa wengi wanaungua. Hiyo 93 sio 93 unayoijua. Faili limetengenezwa Marekani, na pampu za kule zinaandika wastani wa vipimo viwili vya oktani, RON na MON. Sisi tunaosoma 95 tunasoma RON peke yake. Mafuta ya RON 98 yana MON kama 88, jumlisha gawa kwa mbili unapata 93. Ya kwako ya 95 yana MON kama 85, hesabu ileile inakupa 90. Kwa hiyo hauko juu kwa 2, uko chini kwa 3, na faili linakupa taimingi na busti ya mafuta ambayo hayamo kwenye tangi. (Wenye gari za soko la Japani nanyi mjiangalie, zile za STI zilipangwa kwa mafuta ya kule yanayokaribia 100, unaweza kugonga hata na faili la kiwandani.)

Rudisha boksi la kiwandani, futa mafunzo ya ECU, mwombe aliyekuuzia lile faili la 91, lililo karibu na 90 yako, maana wengi wanatoa yote mawili. Ukiwa unaingiza unganisha chaja kwenye betri, volti zikianguka katikati ECU inageuka tofali. Kisha logi tena.

Gia_ya_Sita:
Hiyo ya oktani sikuwa naijua, nakubali. Ila la busti kontrola bado tunabishana siku nyingine 😅

mama_wa_STI:
Boksa na ukishafungua huko, tazama ile paipu ya raba chini ya intakula (kipoozeo cha hewa ya turbo), klempu zake hulegea. Na kama koni lako lilikuwa la kupaka oili, safisha kijiwaya cha sensa kwa spreyi yake maalum, usiguse na kitambaa.

boksa25:
Wakuu narudi. Boksi la kiwandani limerudi, klempu moja kweli ilikuwa inazunguka kwa kidole, nimeibana. Kijiwaya kilikuwa na kaoili kadogo nimekipuliza. Faili la 91 nilipewa bure, muuzaji akaniambia maelezo ya boksi la eaklina yalikuwa ukurasa wa kwanza, nikakaa kimya.

Logi mpya: ikisimama +1, mwendo +2 mpaka +4. Nimepata dayno jana, mara tatu mfululizo tukiiacha ipoe katikati, busti 15.2, waidibendi 11.2. Mara ya tatu ikaandika -1.4 moja kwenye 3,000 halafu ikafuta, juu huko hakuna kitu. DAM imerudi 1. Kompresheni nimepima vilevile kwa sababu ya mama_wa_STI kunikosesha usingizi, zote nne zinakaribiana.

Haisukumi kama ile siku ya kwanza, nisiwadanganye. Lakini inavuta moja kwa moja mpaka juu haikatiki popote.

fundi_kimya:
Hiyo -1.4 moja pale chini wakati intakula imeshapata joto isikutishe, iangalie tu isiwe inarudi palepale kila siku. Ikijirudia mwambie aliyeandika faili apunguze taimingi digrii moja sehemu hiyo.

Gia_ya_Sita:
Boksa ule mrija wa mluzi unauza?