Naomba ushauri: sefu ya kuhifadhia bunduki nyumbani

Habari zenu wakuu. Naishi Tanga na namiliki kihalali shotigani moja, kwa kibali kilichotolewa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Hadi sasa naifungia katika kabati la mbao ambalo, nikisema kweli, mwanangu wa miaka tisa anaweza kulifungua kwa bisibisi.

Sefu nyingi nilizoziona madukani ni fupi, za nyaraka na fedha, ilhali bunduki yangu ina urefu wa sentimita 120. Fundi mmoja yuko tayari kunichomelea kasha la bati la milimita 3, lenye kisanduku cha pembeni cha risasi, alifunge kwa bolti kwenye ukuta wa tofali. Nami nahofia ukuta wenyewe utamong'onyoka kabla ya kasha.

Je, bati hilo linatosha, na bolti ziingie ukutani au kwenye zege la sakafu? Kufuli la namba sina imani nalo sana, maana betri zikiisha ni usumbufu. Vilevile, kwa unyevu huu wa pwani, mnazuiaje kutu ndani ya kasha lililofungwa?