Mikisa ya zamani ya transista inanguruma na chaneli moja inapuliza, nianzie wapi? Nipo Kigoma

MwanaUjiji
Wakuu habari za jioni. Kwaya yetu hapa Ujiji ina mikisa ya zamani (mashine ya kuchanganyia sauti) ya chaneli nne za maiki, ina ile mita ya mshale, bati tupu na nzito kweli, imekaa stoo miaka tangu iliponunuliwa ya digitali. Hiyo mpya sina ugomvi nayo ila mwalimu wa kwaya kila mazoezi anasema sauti ya solo kwenye hii ya zamani ilikuwa imeshiba, na mi mwenyewe nakumbuka ilikuwa hivyo. Nimeifungua, transista ni vikopo vidogo vya chuma vimeandikwa BC109, na nyuma ya kila tundu la maiki kuna kopo la chuma limezibwa pande zote sijui ndani kuna nini. Nikiwasha inanguruma mmmmm hata volyumu zote zikiwa sifuri, chaneli ya tatu inapuliza shwaaa, halafu volyumu zinakwaruza. Fundi mmoja mjini kaniambia ning'oe kila kitu niweke vipya au niuze chuma chakavu. Roho inaniuma. Nianzie wapi?

FundiIsevya
Niko Tabora mkuu. Usiiuze na usibadilishe kila kitu kwa mpigo, ukigusa vitu 50 siku moja likitokea tatizo jipya hujui umelileta wapi.

Kwanza acha kuichomeka moja kwa moja ukutani. Tafuta balbu ya uzi ya wati 40 au 60, iunge kwa siriz na waya wa laini, yaani umeme upite kwanza kwenye balbu. Ukiwasha, balbu ikiwaka kidogo halafu ikafifia basi hakuna shoti, ikibaki inawaka kwa nguvu zima haraka. Pia soma nyuma imeandikwa volti ngapi, zilizotoka Marekani nyingi ni za 117 na sisi tuna 230, hiyo bila stepdauni (kifaa cha kushusha volti) unaunguza trafo, yaani transfoma ya ndani.

Sasa mngurumo. Umesema upo hata volyumu zikiwa sifuri, hapo umeshajijibu nusu, maana yake hautoki kwenye maiki wala hatua za mwanzo, unaingia baadaye, na mara nyingi ni zile kapasita kubwa (vikopo vya kuhifadhi umeme) za pawa saplai. Ndani yake kuna maji maji ya kemikali, yanakauka taratibu, na joto likipanda nyuzi 10 umri wake unapungua karibu nusu. Sasa fikiria stoo yenye paa la bati. Zikikauka haziwezi tena kulainisha umeme unaotoka kwenye dayodi (vipande vinavyogeuza AC kuwa DC) na ndo unasikia huo mvumo. Weka zenye maikrofaradi zile zile, volti sawa au zaidi kidogo, usishuke kamwe, na uchague zilizoandikwa 105°C. Usinunue za kung'olewa kwenye TV mbovu maana nazo zimeshakauka. Angalia hasi na chanya, ukigeuza inapasuka.

binti_wa_bodi
Naongezea kwa kaka hapo juu. Hayo makopo nyuma ya matundu ni trafo ndogo za kuingizia maiki, na kwa maoni yangu ndo sababu kubwa ya hiyo sauti anayoisema mwalimu wako. Usizifungue, na usizipime omu kwa tester, ule umeme wa DC unaweza kuacha usumaku kwenye kiini. Watu wanalipa pesa nyingi kwa Neve 1073, kikuza sauti cha maiki cha studio cha Uingereza cha mwaka 1970, na nayo ni trafo na transista hivi hivi, halafu sisi tunauza kwa kilo!

Ile shwaaa: shusha volyumu ya chaneli ya tatu. Kelele ikishuka nayo basi inatoka kabla ya volyumu, mshukiwa ni transista ya kwanza. Chukua kipamba chenye spiriti kidogo uiguse ipoe (mbali na upande wa umeme wa ukutani tafadhali, spiriti inashika moto), kelele ikibadilika umeipata. BC549C inafaa badala yake lakini miguu haijapangwa sawa, angalia datashiti (karatasi ya maelezo ya kiwanda) kabla ya kuchomea. Na kopo la BC109 limeungana na kolekta, mmoja wa miguu yake mitatu, lisiguse bati. Kama si transista, jaribu rezista (kipande cha kupunguza umeme) yake ya kaboni, zile za zamani hupiga kelele zenyewe, weka ya metali filimu.

mkaa_kibirizi
Volyumu zinazokwaruza usitie mafuta ya cherehani wala WD-40, yanashika vumbi. Tumia dawa ya kusafishia kontakti, zungusha mara 30 hivi. Huku kwetu unyevu wa ziwa unatia kutu ya kijani kwenye matundu ya maiki, safisha na hayo.

MwanaUjiji
Mrejesho wakuu. Balbu iliwaka sekunde moja ikafifia, nilishusha pumzi. Nimebadilisha kapasita mbili kubwa, zilikuwa maikrofaradi 1000 za volti 25 nikaweka 1000 za volti 35, na mngurumo UMEISHA, mwalimu kaja kusikiliza akakaa kimya muda mrefu halafu akaimba ubeti mzima. Kipamba cha spiriti kwenye transista ya kwanza ya chaneli ya tatu, shwaaa ikabadilika palepale, dada ubarikiwe sana. BC549C nimeagiza Kariakoo zinakuja na basi, Jumapili tunatumia zile chaneli tatu nzima. Swali limebaki moja, zile kapasita ndogo za maikrofaradi 10 kwenye bodi niziache?

FundiIsevya
Linganisha chaneli kwa chaneli kwa maiki moja na mtu mmoja. Ile ambayo besi imekonda kuliko wenzake, kapasita zake za kupitishia sauti zimekauka, badilisha hizo. Nyingine ziache.