Permi (leseni ya kuendesha gari) ikiondolewa na hakimu, je, irudi yenyewe muda ukiisha?

Mkazi wa Kamalondo: Ndugu zangu wa Lubumbashi, hapa kwetu Kongo, jirani yangu, dereva wa teksi-basi, alimgonga mtembea kwa miguu akiwa amekunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji, na hakimu akamwondolea haki ya kuendesha kwa muda. Muda uliisha Ijumaa. Jumamosi alfajiri alikuwa usukanini, bila mtu kumwuliza kama bado anakunywa. Kule Ubelgiji hakimu anaweza kuizuia permi mpaka dereva afaulu mitihani minne: nadharia, uendeshaji, daktari na mwanasaikolojia. Nasi tufanye hivyo, hasa kwa kuwa wengi wa teksi-basi hawakufanya hata mtihani wa kwanza.

Dereva wa Kasumbalesa: Neno lako la mwisho limeniuma. Mimi nilijifunza, nikapimwa, na kwa miaka 19 nimeipita njia ya kilomita 90 hivi kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Magari yetu mengi yametoka Japani, usukani uko kulia, na sheria yetu inatupitisha kulia. Nikitaka kulipita lori la shaba, sioni mbele mpaka abiria aliyekaa kushoto aniambie. Huo ni ujuzi, na usiutie katika kapu moja na ulevi wa jirani yako.

Mama wa Katuba: Baba Dereva, usukani huo unausifu, na sisi abiria ndio unaotuumiza. Mlango wa basi hizo uko kushoto, kwa hiyo tunashukia katikati ya barabara, si pembeni. Mjukuu wangu alivunjwa mguu na pikipiki akishuka hivyo, na dereva wa basi alikuwa na permi halali, wala hakunywa tone. Mitihani minne ingemsaidia nini mtoto huyu?

Dereva wa Kasumbalesa: Pole sana, Mama. Mimi humtuma kijana wa mlangoni atangulie kushuka azuie pikipiki, lakini nakiri kwamba wengi hawafanyi hivyo, kwa sababu wanakimbizana na fedha ya kila siku ya mwenye gari.

Mwanasheria wa Ruashi: Wapendwa, tumeuacha mlango wazi na swali limetoka. Polisi wa rulaji, yaani wa barabarani, kukushikia karatasi njiani si sawa na hakimu kukuondolea haki. Kanuni yetu ya barabara ni Sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ya wakati ambapo mji huu haukuwa na wingi wa teksi-basi wala pikipiki za leo. Kwa maoni yangu, aliyegonga mtu kwa ulevi aanze kwa daktari, kwa maana mtihani wa alama za barabarani hauponyi kiu.

Mkazi wa Kamalondo: Baba Dereva, neno lile nalirudisha, unisamehe. Lakini daktari huyo atalipwa na nani? Akilipa dereva mwenyewe, atanunua cheti.

Dereva wa Kasumbalesa: Alipe mwenye gari, ambaye alijua mtu wake analewa na bado akampa ufunguo. Na mimi mtihani siukatai, mradi nipimwe ndani ya basi lililojaa, usukani kulia, nyuma ya lori, na mtoto akitaka kushuka.