Naomba ushauri: kutua First Flight, Kill Devil Hills

Wakuu, habari zenu. Nina leseni ya urubani, bado mbichi kabisa. Baba yangu amekuja kututembelea huku Marekani, nataka nimpeleke kwa ndege ndogo, Cessna 172, hadi kiwanja cha First Flight, North Carolina. Ni palepale ndugu wawili Wright waliporusha ndege yenye injini kwa mara ya kwanza Desemba 17, 1903, sekunde 12 tu, mita kama 36! Kiwanja hakina mnara wa kuongozea ndege, hakiuzi mafuta, usiku hakina taa, na njia yake ya kurukia na kutua ni futi 3,000 hivi. Kinachonikosesha usingizi ni upepo wa pembeni. Mliowahi kutua pale, asubuhi hutulia kidogo? Na mafuta, nijaze kiwanja cha jirani cha Manteo, au nibebe ya kwenda na kurudi? Mzee mwenyewe ana kilo 110, jamani, naogopa ndege isizidiwe uzito.