Hadithi ileile kwa njia tofauti: tupeane uzoefu, wapenzi wa bunilizi za kisayansi na fantasia

Mleta mada

Ndugu zangu wapenzi wa hadithi za anga za mbali na nchi zisizokuwapo, salaam. Kuna ugomvi mmoja ambao nimekuwa nao tangu ujana na bado haujaisha. Niliisoma riwaya ya Arthur C. Clarke, 2001: A Space Odyssey, miaka kadhaa kabla ya kuiona filamu yake. Katika riwaya chombo kinasafiri hadi Zohali, nami nilikuwa nimezichora pete za sayari hiyo kwa penseli kwenye kurasa za mwisho za daftari la hesabu, nikizirudia na kuzirudia hadi karatasi ikatoboka. Siku nilipoiona filamu ya Stanley Kubrick, safari ikaishia Mshtarii. Nilijiona nimedhulumiwa.

Baadaye nilikuja kujua kwamba wawili hao waliiandaa riwaya na filamu kwa pamoja, zote zikatoka mwaka 1968, na kwamba pete za Zohali ziliwashinda mafundi wa filamu, hazikutengenezeka zikaridhisha, ndipo sayari ikabadilishwa. Hilo ningeweza kulisamehe. Kilichoniuma zaidi ni kwamba Clarke mwenyewe, alipoandika mwendelezo wake mwaka 1982, aliifuata Mshtarii ya filamu na kuiacha Zohali ya riwaya yake.

Basi naomba tupeane uzoefu: ni hadithi gani uliyoijua kwanza kwa njia moja, iwe kitabu, redio, filamu, katuni au mchezo wa kompyuta, kisha ukaikuta kwa njia nyingine na ikakubidi uamue ipi ndiyo yenyewe? Tusiishie kusema kwamba kitabu ni bora kuliko filamu, maana hilo tumelisikia vya kutosha.

Mchangiaji wa kwanza

Mimi nilitanguliwa na sura. Kabla sijajua kwamba Frankenstein ni kitabu, na kabla sijajua kwamba hilo ni jina la muumbaji na wala si la kiumbe wake, nilikuwa tayari na uso wa mwigizaji Boris Karloff kichwani, wa filamu ya mwaka 1931: kichwa bapa juu, vyuma viwili shingoni, na mngurumo mahali pa maneno.

Nilipoishika riwaya ya Mary Shelley, iliyochapishwa mwaka 1818, nilikuwa nikiusubiri mngurumo huo. Badala yake nikamkuta kiumbe aliyejifunza lugha kwa kuichungulia familia moja kupitia ufa wa ukuta, aliyesoma shairi la Milton kuhusu Adamu na Shetani akajifananisha nao, na ambaye anapokutana na muumba wake juu ya barafu ya milimani anapanga hoja zake kama wakili aliyebobea. Sura ile niliisoma mara mbili, nikidhani kuna ukurasa nimeuruka.

Hata hivyo sikufanikiwa kumfuta Karloff, na siku hizi sijaribu tena. Katika filamu kuna mahali ambapo paa linafunguliwa, mwanga unaingia, naye anainua mikono taratibu kana kwamba mwanga ni kitu cha kushikwa. Hasemi lolote. Katika riwaya angelieleza jambo hilo kwa kurasa tatu, na zingekuwa kurasa nzuri, lakini mimi ile mikono ndiyo ninayoikumbuka.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mleta mada, mimi nilikwenda kinyumenyume. Nilianza na mchezo wa kompyuta wa S.T.A.L.K.E.R., ule wa mwaka 2007, ambamo unatembea katika eneo lililojaa mitego isiyoonekana, na njia ya kuitambua ni kurusha bolti mbele yako na kutazama itakavyokuwa. Niliamini kwamba huo ni ubunifu wa watengenezaji wa mchezo.

Kisha nikaiona filamu ya Andrei Tarkovsky ya mwaka 1979, Stalker, yenye eneo kama lile la mchezo. Wanaume watatu wamesimama kwenye majani marefu, mmoja wao anarusha nati iliyofungiwa utepe wa kitambaa, halafu wanaifuata. Dakika zinapita na hakuna mtego wowote unaofyatuka. Mimi niliyekuwa nimekufa mara nyingi ndani ya mchezo nilikaa nimekaza mabega hadi mwisho, nikiusubiri mlipuko ambao haukuja. Nadhani niliogopa kuliko mtu aliyeiona filamu bila kuujua mchezo.

Mwisho kabisa nikaifikia riwaya iliyozaa filamu hiyo, ya ndugu wawili, Arkady na Boris Strugatsky, ya mwaka 1972, na humo nako mtu anarusha nati. Kwa miaka 35 kipande kilekile cha chuma kimekuwa kikirushwa kutoka mkono hadi mkono! Jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba mchezo umeliweka eneo hilo Chernobyl, ambako mtambo wa nyuklia ulilipuka tarehe 26 Aprili 1986, wakati riwaya na filamu zilikuwa zimeshatoka zamani.

Mchangiaji wa tatu

Mbona hakuna aliyeitaja Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951? Ni nchi nzima iliyo angani. Tuliisoma darasani, tukaulizwa dhamira, tukaulizwa wahusika, na hakuna aliyetuuliza nchi hiyo inashikiliwa na nini. Mimi naisubiri filamu yake ili nijibiwe.

Mchangiaji wa nne

Mimi sioni tangu utotoni, kwa hiyo fantasia yote imenifikia kwa masikio. Hadithi ya J. R. R. Tolkien, The Lord of the Rings, niliipata kwanza kupitia mchezo wa redio wa BBC wa mwaka 1981, wenye vipindi 26 vya nusu saa. Ramani iliyomo kitabuni kaka yangu alinisomea kwa kukishika kidole changu na kukitembeza juu ya karatasi, akitaja mto, mlima, msitu, na mpaka leo naijua nchi ile kwa umbali wa kidole.

Filamu ya kwanza ilipotoka mwaka 2001 nilikwenda naye. Mapigano kwangu yalikuwa kelele tupu, nami sitajifanya niliyafurahia. Lakini mapema kabisa mzee Bilbo, mwenye pete kabla ya kumwachia kijana Frodo aibebe, alianza kuzungumza, nikamshika kaka yangu mkono na kumwambia, "Huyu ni Frodo." Akasema hapana, Frodo ni yule kijana. Tulibishana hadi waliokaa nyuma yetu wakatunyamazisha. Kumbe tulikuwa sahihi sote wawili: Ian Holm, aliyekuwa Frodo wa redio, ndiye aliyepewa nafasi ya Bilbo katika filamu. Kwa hiyo wakati mzee yule anaiachilia pete na pete ikaanguka sakafuni kwa kishindo kizito kisicholingana na kitu kidogo namna ile, mimi nilimsikia Frodo wangu, aliyeibeba miaka 20 kabla, akimwachia mwingine mzigo. Sidhani kama wenye macho waliipata filamu hiyo.

Swali kwa mchangiaji wa pili: huo mchezo wa bolti unachezeka kwa masikio?

Mleta mada

Dada, nimeisoma habari yako mara tatu. Filamu ya Kubrick nitaiangalia tena wiki hii, safari hii bila daftari.

Mchangiaji wa pili

Dada, kwa sehemu tu. Kuna kifaa kinacholia haraka zaidi kadiri unavyoukaribia mtego, na hicho kingekutosha kutembea. Tatizo ni kulenga silaha, ambako kunahitaji macho. Kama kaka yako yupo, mwachie bunduki, wewe mwongoze njia.