Nyinyi mwajibu nini mtu akija kuuliza kama hiyo ni cherehani?

Vidole_Kumi
Salaam waungwana. Mimi napiga taishokoto, ala ya nyuzi ya taarabu, na kikundi chetu hapa Mombasa, huu mwaka wa sita, harusi ndio nyingi na mara moja moja shoo za jukwaani. Swali langu si la muziki hasa, ni la watu. Kila nikimaliza kupiga, hata jeki sijachomoa, kuna mtu ashafika pale mbele ashika kiuno ataka kujua hichi ni kitu gani, na huyo angalau ameuliza, wengine huwa washajijibu wenyewe zamani.

Juzi tulikuwa Kisauni, harusi, usiku wa kina mama. Mama mmoja akaja kututuza, noti yake ya mia mbili kaikunja baina ya vidole, yuwacheza kidogo kidogo vile waja, kufika mbele yangu akasimama dede. Akautazama mkono wangu wa kushoto unavyobonyeza weee, kisha akaniinamia sikioni na sauti ya huruma kabisa: "Mwanangu, cherehani hiyo mwaitia umeme?" Wallahi nlicheka nikakosa noti, za wimbo namaanisha, ile ya mia mbili nliipata.

Kwa asiyeijua: ni kisanduku chembamba kirefu, hakifiki mita, nyuzi za chuma zimepita juu yake na juu ya nyuzi kuna vitufe vya duara vina namba kama vya taipureta. Kushoto wabonyeza, kitufe chashuka chaukanyaga uzi, kulia wakwaruza na risha, basi. Yangu ni urithi wa mjomba, alishaitia pikapu naichomeka kwa amplifaya, na kitufe kimoja kilipotea zamani akaweka kifungo cha koti, kile cheusi cha matundu manne, na mpaka leo chafanya kazi kuliko vyenzake.

Sasa orodha ya majina nliyopewa mimi na mjomba wangu: taipureta, mashini ya risiti, kodiani imelazwa, gitaa la Kihindi, ganuni (huyu alikuwa ni mwandishi, akaliandika hivyo hivyo na picha yangu juu). Emsii wetu mwenyewe huniita "bwana kinanda". Kilichoniuma ni kijana mmoja alinirekodi akaweka vidio na maneno ati jamaa ajifanya apiga, sauti yatoka kwa laptopu. Watu mia na kitu wamecheka. Nimekwaruza nyuzi mpaka kidole kimeota sugu halafu naambiwa plei-beki!

Nilijaribu kueleza. Kuna shoo karibu na Fort Jesus nikaomba maiki nikaanza hadithi, ilibuniwa Japani, mji wa Nagoya, 1912, mtu aitwa Goro Morita, alitoa wazo kwa taipureta, na ndio maana yaitwa taisho, ndio enzi ya mfalme iliyoanza mwaka huo huo, na koto ni ile zeze lao la kulaza... nilipofika hapo nikaona taa za simu zawaka uwanja mzima na si za kunimulika mimi. Mpiga dumbaki akanigongea ta-ka-tak ya kunifunga mdomo.

Nyie wenye ala zisizojulikana mwafanyaje? Mwasahihisha au mwaacha watu na yao?

udi_na_ambari
Shukuru wewe yakhe hawakuombi ufukize. Mimi napiga udi. Niliwahi kualikwa nyumba moja Mji wa Kale, bibi wa pale kaambiwa tu "kuna mtu yuwaja na udi", basi nafika mlangoni kashaniandalia chetezo na makaa yamekolea, auliza tola ngapi nimeleta. Nikatoa lile tumbo kwenye mfuko wake akanitazama kama nimemuibia. Na wala hakukosea, neno ni moja, kwa Waarabu udi ni mti, wa kuchoma udi na wa kupiga udi.

Vijana nao waniambia gitaa lako limevunjika shingo, kwa vile kichwa kimerudi nyuma. Mimi nlikuwa naeleza zamani, nimewacha. Nyumbani kwetu babangu akisikia udi wa Zein l'Abdin redioni alikuwa ashamjua ni yeye kabla hajafungua mdomo kuimba, na babangu yule ukimwekea udi na gitaa mezani sikwambii hatapotea lakini atafikiri kwanza. Piga tu.

piga_kimya
si mnunue kibodi tu, hiyo sauti imo ndani, wabonyeza namba yatoka hiyo hiyo na hubebi mabati. watu washaendelea bana

Vidole_Kumi
@piga_kimya imo kweli, na nimeijaribu, kuna rafiki yangu anayo. Yatoa sauti ile safi imeoshwa. Haina ule mkwaruzo wa kwenda na kurudi, haina ule mlio mdogo wa chuma kitufe kinapoachia uzi, tk tk tk chini ya wimbo, kama mtu apiga kwato mbali. Ukisikiliza taarabu ya zamani ya Mombasa ule mlio umo, hata kama hujui wausikia nini. Na mabati ni kidogo tu, mengi ni mbao.

Bi_Mkubwa_Kibokoni
Wanangu hamjambo. Mie si mpigaji ni msikizaji, lakini nimeona hapa mambo mawili ya kusema.

La kwanza, huyo emsii aitaye kinanda msimcheke sana. Kinanda zamani kilikuwa ni cha nyuzi! Lamu huko kinanda ndilo hilo gambusi, wengine wakiita kibangala, chapigwa na watu wachezea. Halafu ndio yakaja hayo ya makanisani na mapiano, nayo yakapachikwa jina hilo hilo, mpaka leo mtoto ukimwambia kinanda afikiri ni meno meupe na meusi. Sasa kitu cha Vidole_Kumi kina nyuzi na kina vitufe, basi ni kinanda cha zamani na cha sasa vyote viwili kwa pamoja, huyo emsii kapatia mara mbili pasi na kujua.

La pili ndilo kubwa. Sisi wanawake wa rika langu hiyo taishokoto twaijua mno, ila twaijua kwa masikio. Nyimbo za Zuhura Swaleh, yule mwimbaji wa taarabu wa Mombasa, tulikuwa twazipiga kwa kaseti jikoni, mikono ina unga, yule taishokoto aingia mwanzo kabla ya maneno, wajua sasa yuwaja. Nilikuwa naweza kuuimba ule mlio wote kwa ulimi, tirii-ritiri-tiritiri, lakini nilipokiona chenyewe kwa macho mara ya kwanza, nishakuwa na wajukuu, nikauliza vile vile kama huyo mama wa Kisauni. Kaseti haikuonyeshi kitu. Nilikuwa nafikiri ni kinu kikubwa hivi chenye nyuzi, kumbe kisanduku! Mwanangu siku nyengine mtu akikuuliza usimwambie Japani, mwambie mamangu fumba macho, kisha mpigie zile za zamani mstari mmoja. Utamuona uso.

udi_na_ambari
Bi Mkubwa umemaliza wallahi.

Bulushi_Makadara
Mimi naja na jina jengine muongeze kwa orodha. Sisi Mabulushi twaiita benju. Nlikuwa nimeapa ni ya kwetu, babu yetu alikuwa nayo ukutani, kubwa kuliko ya Vidole_Kumi, mbao nzito yenye nakshi, ukiwekewa mapajani miguu yafa ganzi. Nikaenda shoo moja nikaona jamaa kaketi na kidogo, nikamfuata nikamwambia ndugu umepata wapi benju ya watoto? Jamaa akanitazama vibaya sana. Nimekuja kujua baadaye kwamba ile ya Kijapani ndiyo mama, ilifika Bara Hindi wakaifanya bulbul tarang, huko Bulushistani mafundi wakaipanua wakaipa sauti, ndio benju. Kwa hivyo aliyekosea ni mimi na nikawa namsahihisha mwenyewe. Kama ulikuwa ni wewe nisamehe.

Vidole_Kumi
@Bulushi_Makadara ni mimi 😂 na nlikukasirikia mpaka nyumbani. Nimesamehe. Ile ya babu bado ipo?

Bulushi_Makadara
Ipo, nyuzi ndio hamna. Njoo uione siku ya Jumapili, ntakupa namba kwa inboksi.

ganuni_ya_Unguja
Naingilia kutoka ng'ambo. Mimi ganuni, nyuzi zapita 70, zimelala kama mkeka. Hapa Unguja kidogo watu waijua kwa vile vikundi bado viko, Ikhwani Safaa tangu 1905, lakini nikitoka nje ya kisiwa basi ni mtihani. Kinubi, marimba, na mmoja aliniambia ni piano imevuliwa nguo, hiyo niliipenda nikamnunulia soda. Mtalii aliniuliza kama ni santur, ile ala ya Kiajemi ya nyuzi za kugongwa, nikamwambia hapana, mzee wetu pembeni akadakia "santuri tunazo nyumbani mbili lakini sindano hazipatikani". Santuri kwetu ni ile ya sahani! Nikawaacha wazungumze, walielewana nusu saa nzima kila mtu na santuri yake.

Mimi sisahihishi ila nikiulizwa mara ya pili. Ya kwanza mtu apita tu, ya pili ataka kweli.

fundi_spika
Nimesoma yote naona hamna aliyegusa jambo la jukwaa, na hapa lazima nikiri dhambi. Mimi ndio nafungaga sauti kwa harusi, na huyu Vidole_Kumi nafikiri nimemfanyia mara mbili kama siye basi pacha wake, kwa mixa nilibandika tepu nikaandika KIBODI. Sasa ukishaandika kibodi unatenda kibodi, nikamchomeka kwa tundu la kibodi moja kwa moja, pikapu ya kienyeji kama ile haitaki hivyo, yataka ipite kwanza kwa kijisanduku cha DI, kile cha kuunganishia ala na mixa, au amplifaya yake halafu nimwekee maiki mbele. Ilitoka sauti nyembamba kama mbu ndani ya chandarua, nikaongeza tu chini chini, ikawa ni sauti ya kibodi kweli. Kwa hivyo yule kijana wa vidio masikio yake hayakudanganya sana, mkosa ni mimi.

La pili ni unavyokaa. Waiweka mezani bapa, wainama, mezani umetandika kitambaa na maua ya plastiki kinachofika chini (si wewe, ni wenye harusi najua), mtu aliyekaa mstari wa tatu aona nini? Aona mtu kainamia kitu vidole vyabonyeza. Cherehani, laptopu, risiti, vyote vyapigwa hivyo hivyo! Mkono unaokwaruza wafichika nyuma ya maua. Chukua kipande cha ubao, kiinamishe kidogo upande wa watu kama meza ya mchora ramani, funga na mpira isiteleze, toa maua. Wakiona nyuzi na wakiona risha wajua ni ala ya kupigwa. Jina watapata wenyewe.

Vidole_Kumi
Fundi kumbe ni wewe! Haya, na wewe nimesamehe, leo ni siku yangu ya kusamehe watu. Ubao nimeuelewa, n'tarudi niwaambie.

Vidole_Kumi (wiki mbili baadaye)
Nimerudi. Jumamosi tulikuwa na harusi Likoni. Nimetoa maua (bibi harusi hakuona, dadake aliona, tumekosana kidogo), nimeinamisha ubao, fundi kaniwekea maiki kwa amplifaya na tepu ya mixa safari hii kaandika TAISHO, herufi zengine hazikutosha. Tulipomaliza wimbo wa kwanza mama mmoja wa makamo akaja, nikajua haya tena, nikamwambia subiri mamangu fumba macho, nikampigia ule mwanzo wa kizamani kama alivyoniagiza Bi Mkubwa. Hakufika hata nusu. Akanishika bega akasema "ah! hii ni ile ya jikoni kwa mamangu" na akasimama pale pale machozi yamtoka, sikujua nifanye nini nikaendelea kupiga, mpiga fidla akanifuata, ikawa wimbo mzima ambao haukuwa kwa orodha.

Wengine bado. Emsii kaniita bwana kinanda na mimi nikainua mkono. Mzee mmoja kasema ni santuri ya Kijapani, nikawakumbuka nyie wa Unguja.

Lakini aliyeniweza ni kitoto cha miaka saba hivi, mtoto wa watu wa harusi, alikuwa kaketi chini mbele ya ubao usiku mzima hasemi kitu, atazama mikono. Wakati nafunga vitu akaja taratibu akaweka kidole juu ya kile kifungo cha mjomba, hajauliza ni nini wala yatoka wapi. Akaniuliza: "Koti lake liko wapi?"