Mrejesho: Nalala usiku mzima lakini naamka nimechoka

Ndugu zangu, miezi mitatu iliyopita niliomba ushauri: naamka nimechoka hata nikilala usiku kucha, na namfokea mwanangu kwa kijiko kuanguka tu. Asanteni sana, mlinisaidia.

Wengi mlisema nipime kwanza. Nilipima, damu na tezi ya shingo viko sawa. Basi nikaenda kwa mshauri nasaha. Akanieleza kuwa Shirika la Afya Duniani linautambua uchovu huu kama hali inayoletwa na msongo wa kazi wa muda mrefu, na una sura tatu: kuishiwa nguvu, kuichoka kazi yenyewe, na kuona hufanyi lolote la maana. Nilikuwa nazo zote, ila ya pili ndiyo iliyonitisha. Mimi ni muuguzi. Siku moja mgonjwa alilia amenishika mkono, na mimi nikawa naangalia saa ya ukutani. Sikuhisi kitu. Hapo ndipo nilipojua naumwa.

Likizo peke yake haikutosha. Nilirudi kazini, siku ya nne nikawa palepale. Kilichosaidia ni kumwambia mkuu wangu ukweli, akanipunguzia zamu za usiku, na kuacha kupokea simu za kazi nikiwa nyumbani.

Sijapona kabisa. Lakini juzi kijiko kilianguka tena. Mtoto akanitazama usoni kwanza, akisubiri. Nikainama, nikakiokota mwenyewe.